Kwa fundi anayeanza kazi ya kuzuia joto Mombasa: shughulikia paa kwanza

Wewe unayeingia kazi ya kupunguza joto majumbani, ukiitwa nyumba yoyote hapa Mombasa anza kwa kutazama juu. Mji huu uko kiasi cha digrii 4 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na tena Oktoba, na hata Juni haliendi mbali. Kuta hupigwa kwa zamu, asubuhi na jioni, lakini paa hupigwa kutwa. Mteja akiwa na pesa za kazi moja tu, ziende kwenye paa. Atakwambia shida ni madirisha madogo, au feni haina nguvu. Panda kiti saa tisa alasiri, uguse silingi kisha uguse ukuta, na yeye aguse. Baada ya hapo mtaelewana upesi.

Bati likishapata moto halingoji hewa ibebe joto lake. Linalimulika moja kwa moja, vile uso unavyoungua ukikaa mbele ya jiko la makaa. Ndiyo maana chumba chenye madirisha wazi na upepo wa kutosha bado kinaweza kumtesa aliyelala chini ya bati tupu. Dawa ya joto la namna hii ni foili ya alumini, na hapa ndipo naona vijana wengi wanapoharibu kazi nzuri. Foili lazima iwe na nafasi ya hewa mbele ya uso wake unaong'aa, milimita 25 au zaidi. Uso huo ukigusana na bati, umeunganisha chuma na chuma, na joto litapita kana kwamba hukuweka kitu. Kama foili yako inang'aa upande mmoja tu, ule unaong'aa utazame chini. Wengi hushangaa kusikia hivyo. Ukitazama juu, vumbi litatua juu yake na nguvu yake itapungua mwaka hadi mwaka. Ukitazama chini hubaki safi, na kwa kuwa uso ule hautoi joto kwa urahisi, silingi iliyo chini yake hupumzika. Mimi hupendelea inayong'aa pande zote mbili na yenye nyuzi katikati, kwa sababu ile nyembamba huchanika kusi ikivuma na kuingia chini ya mabati.

Pamba ya kioo, ile ya nyuzi inayotandikwa juu ya silingi, ni habari nyingine. Kinachozuia joto ndani yake ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi, basi usiikandamize ili ienee mahali pembamba. Pamba nene iliyobanwa ni hasara kwa aliyeinunua. Ikilowa pia haifai, na hapa mwezi wa Mei mvua hainyeshi kwa utani. Kabla hujatandika kipande cha kwanza, mwagia paa maji kwa mpira, tafuta mahali panapovuja, ziba, kisha mwagia tena. Vaa mikono mirefu, barakoa na miwani. Mwasho wake hukaa mwilini hadi usiku.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote, kwa sababu video nyingi mnazojifunzia zimetengenezwa katika nchi za baridi. Kule watu hupasha moto ndani, unyevu uko ndani, kwa hiyo hutandaza karatasi ya plastiki upande wa ndani wa ukuta au dari ili mvuke usipenye kwenda nje. Mombasa mambo yamegeuka. Unyevu uko nje, mwaka mzima, na ubaridi uko ndani pale kiyoyozi kinapowashwa. Ukitandaza plastiki upande wa ndani, mvuke unaotoka nje utapenya ukutani, utakutana na plastiki iliyopoa, utageuka maji na kukaa hapo hapo. Mbao zitaoza, kuvu litaota nyuma ya rangi, na mwenye nyumba atakohoa bila kujua sababu. Kinga ya mvuke hapa hukaa upande wa nje, wenye joto. Mtu akikuonyesha mchoro wa Ulaya, uheshimu, lakini muulize kwanza unyevu wa kwao unatoka wapi.

Kwa hiyo kabla ya kupiga hesabu ya vifaa, muulize mteja nyumba hii itaishi kwa upepo au kwa kiyoyozi. Nyumba ya upepo inataka matundu: chini ya mapaa, juu ya milango, madirisha yanayotazamana ili kaskazi na kusi zipate njia. Weka wavu kwenye matundu ya darini, popo na panya wasihamie. Chumba cha kiyoyozi kinataka kuzibwa, hadi mwanya ulio chini ya mlango. Mtu anayetaka vyote viwili katika chumba kimoja kwa wakati mmoja atalipa tokeni bila kupoa. Mshauri achague chumba kimoja cha kulala, akizibe vizuri, na nyumba iliyobaki aiachie upepo. Feni ya dari hutumia wati 75 hivi. Kiyoyozi kidogo huweza kufika 1,000. Akiweka kiyoyozi digrii 26 na feni ikazunguka polepole, atalala vizuri. Na mwambie wazi kwamba feni hupoza mwili wa mtu, haipozi chumba, basi aizime akitoka.

Nyumba za ghorofa zenye paa la zege, kama zile za Tudor na Kizingo, zina tabia yake. Zege hunywa joto mchana kutwa na kulitoa usiku, kwa hiyo wa ghorofa ya juu husumbuka zaidi baada ya isha. Kubandika kizuia joto chini ya zege hilo husaidia kidogo, lakini zege lenyewe linaendelea kujaa moto. Kazi yenye maana hufanyika juu yake: rangi nyeupe, au kivuli kilichoinuliwa kinachoacha hewa ipite kati. Mpangaji hana uwezo wa kupanda juu bila ruhusa, kwa hiyo zungumza na mwenye nyumba mapema, na umwonyeshe kwamba zege lililofunikwa halipasuki haraka kwa kupanuka na kusinyaa.

Ukipata nafasi, pita Mji wa Kale ukaziangalie zile kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba virefu kwenda juu, na vichochoro vinavyotiliana kivuli. Waliozijenga walijua wanalofanya. Makuti nayo yasidharauliwe: yanapumua, hayamuliki joto, na shida yake kubwa ni moto na kubadilishwa kila baada ya miaka michache.

Mteja asiye na pesa nyingi, mpe rangi nyeupe ya paa. Bati jipya linalong'aa huonekana kama linarudisha jua, na kweli linarudisha sehemu yake, lakini joto linalobaki haliachi kwa urahisi, ndiyo maana huunguza mkono. Rangi nyeupe hurudisha jua na pia hutoa joto. Osha chumvi ya bahari na kutu kwanza, la sivyo itabambuka. Na uliza kama maji ya mvua ya paa hilo huingia kwenye tangi la kunywa. Mjini hapa wengi hukinga maji kwa sababu bomba halina uhakika, basi chagua rangi isiyo na sumu.

Usalama wako ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mwaka 2009 serikali ya Australia ilianzisha mpango mkubwa wa kuweka vizuia joto majumbani, ukasimamishwa Februari 2010. Vijana wanne walipoteza maisha wakiwa kazini. Watatu walipigwa na umeme, na mmoja aliuawa na joto la darini. Foili ni chuma. Pini moja ya chuma ikitoboa waya uliofichwa, karatasi yote uliyoilalia inakuwa na umeme. Zima swichi kuu, si swichi ya taa, na umweke mtu chini azuie yeyote asiiwashe. Tumia pini za plastiki au gundi palipo na waya. Usizike waya wala taa za silingi ndani ya pamba, maana hazitapoa. Povu jeupe gumu lisiguse waya, kwani hulifanya ganda la plastiki la waya likakamae na kupasuka, na povu hilo likishika moto hutoa moshi mweusi wa kuua. Panda darini baada ya alfajiri, ushuke kabla ya saa nne. Maji yawe mkononi, na mwenzako akuite jina kila baada ya muda. Usipoitika, apande. Hakuna mteja mwenye haraka inayostahili kifo chako.

Kazi ikiisha, ipime. Kile kipimajoto cha bunduki tulichoelekezewa pajini na mikononi wakati wa korona kina ndugu yake wa mafundi, na bei yake si kubwa. Ila kikielekezwa kwenye foili au bati linalong'aa hudanganya, kwa sababu husoma joto la vitu vingine vinavyoakisiwa hapo. Bandika kipande cha utepe wa karatasi, subiri kidogo, kisha pima hapo juu ya utepe. Pima saa nane mchana kabla ya kazi na saa nane mchana baada ya kazi, siku zenye jua linalofanana, uandike vyote viwili kwenye risiti ya mteja. Kisha rudi baada ya masika. Nusa darini kama kuna harufu ya kuvu, angalia kutu kwenye misumari ya upande wa baharini, na ukikuta pamba imelowa itoe siku hiyo hiyo. Safari hiyo usiilipishe.