Kipasue kiungo, kisha kipinde

Mafundi wa Kariobangi, Nairobi, wanaoniuliza kuhusu kuchomelea kwa msuguano, yaani kuunga vyuma kwa joto la kusuguana, hutaka kujua jambo moja: kiungo kitabeba uzito gani? Kwa hesabu, rodi ya chuma laini ya kipenyo cha milimita 20 ina eneo la milimita za mraba 314. Ukichukua kwamba chuma hicho huhimili niutoni 400 kwa kila milimita ya mraba, itavutwa hadi tani 12 na ushee ndipo ikatike. Kiungo kizuri hufika hapo, na mara nyingi rodi hukatikia pembeni, si pale ilipoungwa. Vali za injini na mabomba ya kuchimbia visima vya mafuta huungwa hivyo.

Lakini mimi jaribio la kuvuta peke yake halinitoshi. Katika njia hii chuma hakiyeyuki. Kipande kimoja huzungushwa, kingine husukumwa dhidi yake mpaka nyuso zilainike, kisha mzunguko husimamishwa na msukumo kuongezwa. Kutu na uchafu hutoka pamoja na chuma kinachojikunja nje kama ukosi wa shati. Sasa, katikati kabisa ya rodi hakuna mwendo. Joto la hapo husafiri kutoka ukingoni. Ukiharakisha, ukingo hushika na katikati hubaki pamegusana tu, huku ukosi ukipendeza macho. Doa bovu la milimita 6 katikati ya rodi ya 20 ni asilimia 9 tu ya eneo lote, kwa hiyo mashine ya kuvuta inaweza kukupa namba nzuri na ukaondoka ukitabasamu.

Kwetu Industrial Area tunapasua kiungo kwa urefu, tunachukua bamba la kati na kulipinda, ule uso uliopita katikati ya rodi ukiwa upande wa nje. Kama katikati hapajashika, mpasuko utajionyesha. Msumeno na presi vinatosha.

Mkasa mwingine ni chuma chenyewe. Ekseli kuukuu za soko la Gikomba ni bei poa, lakini nyingi zina kaboni nyingi kuliko chuma laini. Kiungo kikimaliza kusuguliwa, sehemu baridi iliyo nyuma yake hunyonya joto haraka, na chuma cha kaboni ya asilimia 0.45 hivi huwa kigumu na chepesi kuvunjika. Kitavutwa vizuri, kisha kigongwe mara moja kivunjike. Dawa yake ni kukirudisha kwenye joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi na kukiacha kipoe polepole. Usipojua ni chuma gani, usikiweke kwenye shafti ya mashine ya kusaga posho.

Na lethi, ile mashine ya kukerezea? Wengi wanajaribu kuungia nayo. Kwa rodi ile ile, kusugua kwa shinikizo la niutoni 40 kwa milimita ya mraba kunadai msukumo wa zaidi ya tani moja, na msukumo wa mwisho mara mbili yake. Mkono kwenye gurudumu la lethi hautoi hiyo, na beringi zake hazikuundwa kwa mateso hayo. Tena lethi nyingi hazisimami ghafla, kwa hiyo kiungo husokotwa kikiwa kimeanza kushika.

Ukosi nao, ikiwa kazi ni shafti inayozunguka, ukereze wote, maana nyufa za uchovu wa chuma hupenda kuanzia kwenye ile kona yake. Ikiwa ni kishikio cha lango, uache tu.