Nilifeli mbele ya mwanafunzi wangu

Wiki iliyopita niliandikiwa na binti mmoja, muuguzi mwenye miaka miwili kazini. "Shikamoo mama. Leseni ninayo, diploma ninayo, kwa nini mganga mfawidhi anataka tupimwe tena kama wanafunzi?" Marahaba mwanangu. Nilitaka nikujibu mistari miwili, nikajikuta nasimulia aibu yangu.

Nilikuwa na miaka 14 leba. Nimezalisha hadi nikaacha kuhesabu. Leseni nahuisha kwa wakati, faili limejaa vyeti vya semina, pointi za mafunzo endelevu zinamwagika (nyingine, tuambiane ukweli, nilizipata nikiwa nimekaa nyuma kabisa nasubiri chai na sambusa). Ndipo ikaja siku ya kupimwa kwa vitendo. Mezani kuna mdoli wa mtoto mchanga, hajalia. Ambu, ule mfuko wa kubinya wenye barakoa wa kumpumulishia mtoto, pembeni. Dakika moja, ile tunayoiita ya dhahabu, na mtoto awe ameshaanza kupumulishwa.

Mpimaji alikuwa binti niliyemfundisha mwenyewe kufunga kitovu.

Nikamfuta mdoli, nikasugua mgongo, nikaweka barakoa, nikabinya. Kifua kimya. Nikabinya kwa nguvu zaidi. Hewa inavuja kando ya shavu, naisikia kabisa ikipita chini ya kidole changu cha shahada. "Mama, kifua hakijapanda." Alisema kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyoniuma. Weka kichwa sawa, fungua mdomo kidogo, kaza barakoa: yote nayajua, nimeyafundisha watu. Vidole ndivyo vilivyosahau. Akaandika kwa penseli: arudie.

Nilimnunia miezi miwili. Nilisema mdoli mbovu, barakoa kubwa, saa inakimbia.

Kilichonituliza ni habari za hospitali ya Haydom, kule Manyara. Utafiti uliotoka 2013 ulionyesha kwamba wakunga waliopata mafunzo ya siku moja walifanya vizuri kwa mdoli, lakini huduma kwa watoto wenyewe leba haikubadilika. Wakaja na mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini, dakika chache tu, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Kumbe sikuwa mjinga peke yangu. Semina haikai mikononi.

Kwa hiyo fanya mazoezi. Sisi mdoli unakaa mezani pa kukabidhiana zamu. Kabla hujapokea wodi, unabinya dakika tatu, mwenzako anatazama kifua. Atazame mwenzako, si wewe, maana wewe utajipa maksi. Halafu fanya tena kesho. Na nyie wakongwe wenzangu mnaosema "mimi nimezoea", huko kuzoea ndiko kulikonifelisha. Miaka yako kazini haimpumulishi mtoto. Acheni kuwakasirikia wapimaji, acheni kuwatuma vijana wawasainie mahudhurio. Ndiyo, nawasema nyie, mnajijua.

Yule binti siku hizi ndiye muuguzi mfawidhi wetu. Jumatatu alinipima tena. Pumzi ya kwanza ilivuja, nikageuza kichwa cha mdoli kidogo, ya pili kifua kikapanda. Akaandika kwa kalamu ya wino.