Maswali na majibu: Usipeleke jiko la mkaa chumba cha panya

Msimu wa maandiko ya utafiti umefika na barua za vyuoni zimejaa. Salamu nimezipokea, marahaba kwa wote, na wa Iringa kamwene. Twende kwenye maswali ya utunzaji wa wanyama wa maabara.

Shikamoo mama. Natafiti dawa ya mitishamba inayosemekana kulinda ini, nitatumia panya weupe. Mashine za mbao kule Mafinga wanatoa maranda bure. Naweza kuyatandika vizimbani? – Mwanafunzi, Iringa

Umeuliza kabla ya kubeba gunia, nakushukuru. Wengi huuliza baada ya miezi mitatu, matokeo yakishagoma kueleweka.

Maranda ya Mafinga na Sao Hill kwa sehemu kubwa ni ya misindano. Harufu ile tamu ya mbao mbichi inatokana na mafuta yanayopaa hewani. Panya anayavuta usiku na mchana, na ini lake linaamsha vimeng'enya vya kuyavunja. Vimeng'enya hivyohivyo huvunja dawa. Tangu 1967 inajulikana kwamba panya waliolazwa juu ya maranda ya mwerezi, wakipewa dawa ya usingizi, huamka mapema kuliko wenzao, kwa kuwa ini limeshazoeshwa kuimaliza haraka. Sasa wewe unapima ini. Utatofautishaje kazi ya mti wako na kazi ya maranda?

Kuna hatari nyingine hukuiuliza. Ukanda wa Mufindi una viwanda vya nguzo, na nguzo nyingi hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki ili zisiliwe na mchwa. Vumbi la mti wa namna hiyo ni sumu kwa panya na kwako unayelibeba. Anayekupa maranda hatakueleza yametoka gogo gani, muulize wewe.

Tumia maranda ya miti ya majani mapana isiyo na harufu kali. Mkaratusi usiuguse, nao una mafuta. Magunzi ya mahindi yaliyosagwa yanafaa, mradi yamekaushwa hadi ndani na hayana ukungu. Karatasi nyeupe iliyochanwa, isiyo na wino, inafaa pia. Lolote utakalochagua, pitisha kwenye joto kwanza, na makundi yote yalalie tandiko la aina moja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kisha liandike kwenye ripoti yako. Nasoma ripoti nyingi zinazotaja hadi kampuni ya sindano, lakini mnyama alilalia nini, kimya.

Nitumie panya wangapi? – Wasomaji wanne, vyuo mbalimbali

Wanne, na hakuna hata mmoja aliyesema jaribio lake linahusu nini. Ni kama kuuliza nauli pale stendi ya Nane Nane bila kusema unakwenda wapi. Nimeshalijibu hili mara nyingi kwenye safu hii.

Idadi inatoka kwenye hesabu, na hesabu inafanywa kabla ya kununua mnyama. Kama yapo matokeo ya awali, yako au ya wengine, yapeleke kwa mtakwimu. Kama hakuna kabisa, chukua jumla ya wanyama, toa idadi ya makundi, jibu liwe kati ya 10 na 20. Makundi 4 ya panya 5 ni 20, toa 4, unabaki na 16. Hapo unaweza kuanza. Makundi 4 ya panya 10 yanakupa 36, umeua wengi bure. Makundi 4 ya panya 3 yanakupa 8, na hao pia umewaua bure, maana jibu lao halitasimama. Hili la pili wanafunzi hawalipendi. Wanadhani wachache siku zote ni huruma.

Msikubali msimamizi anayesema "weka sita sita, mwaka jana waliweka sita." Na msigawe makundi kwa kuingiza mkono kizimbani na kutoa anayekamatika. Wanaokamatika mwanzo ndio wazito, wazembe au wagonjwa, na wote wanaangukia kundi la kwanza. Pigeni kura kwa namba.

Panya weupe ni ghali. Naweza kukamata wa ghalani? – Mbarali

Hapana. Humjui umri, humjui ukoo, humjui alichokula jana, na anaweza kukuletea homa ya mgunda. Mliokuwa mkifuatilia habari za Lindi mwaka 2022 mnajua ugonjwa huo unavyoua watu.

Bibi yangu Njombe anafuga simbilisi (guinea pig) jikoni. Chuo kinataka kununua thelathini. Watafaa? – Njombe

Kwa mafunzo ya kushika na kutunza, wanafaa sana, kwa kuwa wamezoea watu. Kwa jaribio la dawa sishauri, hadi wakae karantini na wachunguzwe na daktari wa mifugo, na kumbukumbu za uzazi wao ziwepo. Bibi anawajua kwa macho, lakini sidhani kama ameandika.

Ila chuo kina la kujifunza kwa bibi. Simbilisi, kama sisi binadamu, mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C. Kwa njia hiyo Holst na Frølich, kule Norwei mwaka 1907, waliweza kuutazama kwa mnyama ugonjwa wa kiseyeye, unaoletwa na upungufu wa vitamini hiyo. Bibi hajasoma habari hiyo, lakini kila jioni anawatupia majani mabichi, na wanaendelea kuzaa. Maabara inawapa chakula cha sungura cha gunia, wanaanza kuchechemea na kuvimba magoti, watu wanatafuta bakteria. Hata chakula cha simbilisi chenyewe, vitamini hiyo hupungua ghalani. Miezi mitatu tangu kisagwe, usikitegemee tena.

Na akiugua, asitokee mtu wa kumpa penisilini au amoksilini iliyobaki nyumbani. Dawa hizo huua bakteria wema wa tumboni mwake, wabaya wakatawala, na simbilisi anakufa ndani ya siku chache.

Mama, Juni hii chumba chetu cha panya ni baridi mno. Umeme unakatika. Tumefikiria jiko la mkaa usiku. – Uyole

Msithubutu.

Nikiwa kijana kazini, mahali nisipopataja, Julai moja mtu mwenye nia njema aliwasha jiko la mkaa chumbani kwa wanyama, akafunga madirisha, akaenda kulala. Asubuhi mimi ndiye niliyefungua mlango. Panya walikuwa wamelala vizuri, masikio na miguu vikiwa vyekundu kama vya walio hai. Hakuna aliyeamka. Hewa ya mkaa, kaboni monoksaidi, huiacha damu na wekundu wake huku ikimnyima mwili oksijeni. Kama yule bwana angelala humo na wanyama wake, tungembeba naye. Nimeyasema haya kila mwaka na nitayasema kila mwaka.

Chumba cha panya kinatakiwa kiwe kati ya nyuzi 20 na 26. Usiku wetu wa Juni na Julai hushuka chini ya 10. Na yule panya wa jamii ndogo, Waingereza humwita mouse, hata kwenye nyuzi 22 bado anachoma chakula ili apate joto. Kwake raha iko karibu na 30. Basi mpeni cha kujengea kiota, karatasi laini au majani makavu safi, kingi, na msimuweke peke yake bila sababu. Kiota kizuri kinamsaidia hata umeme ukiwa haupo. Zibeni upepo unaopita chini ya mlango, lakini msizibe hewa yote, maana mkojo ukirundikana harufu yake inachoma mapafu. Nunueni kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha chini cha usiku. Kikisoma 9 asubuhi, pelekeni namba hiyo kwa mkuu wenu na muombe hita yenye kidhibiti joto pamoja na betri. Malalamiko ya mdomo husahaulika.

Kwa vitendo vya baiolojia tunaua panya kwa pamba ya klorofomu. Kuna ubaya? – Mwalimu, Tukuyu

Upo, mwalimu. Klorofomu inadhuru ini na figo za watoto waliojazana kwenye chumba kilichofungwa, na pamba ikimgusa mnyama inamuunguza. Isitoshe, aliyelala hajafa. Nimewahi kuona panya akizinduka ubaoni, pini zikiwa tayari miguuni, mbele ya darasa zima. Ninyi hamkufundishwa kuhakikisha moyo umesimama, na sikulaumu wewe, nalaumu waliokupeleka darasani hivyo. Muombe afisa mifugo amuue mnyama mmoja kwa njia sahihi, wanafunzi wasiwepo, kisha darasa zima limtazame huyo mmoja. Wanafunzi arobaini hawahitaji panya arobaini.

Mama, dini yangu inanifundisha huruma. Kwa nini msiache kabisa kutumia wanyama? – Vwawa

Swali lako silichukulii kirahisi. Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliweka masharti matatu ambayo dunia inayafuata hadi leo: tumia njia isiyo na mnyama kila inapowezekana, ikishindikana, tumia wachache, na hao wachache wapunguzie maumivu. Sharti la kwanza limefika mbali. Zamani kipimo cha mimba kilihitaji sungura au chura, leo unanunua kijiti duka la dawa. Umoja wa Ulaya tangu 2013 hauruhusu kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Marekani mwishoni mwa 2022 iliondoa sharti la kisheria kwamba kila dawa mpya lazima ipite kwa wanyama kwanza.

Lakini mwili mzima, wenye damu inayozunguka na mimba inayokua, bado hatujaweza kuuiga kwenye sahani wala kompyuta. Tarehe 25 Mei 1940 kule Oxford, panya 8 walipewa vijidudu vya kuua, 4 kati yao wakapewa penisilini. Kulipokucha, wanne wasiopewa walikuwa wamekufa. Mimi na wewe tunaishi kwa matunda ya usiku ule. Na kumbuka nilichomjibu wa Njombe: wangetumia simbilisi, pengine dawa ile ingetupwa. Mnyama hutoa ushahidi wenye mipaka, na akiwa na njaa, baridi au woga, ushahidi wenyewe unaharibika. Hapa kwetu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008. Mtafiti anayekwambia Tanzania haina sheria, hajaitafuta.

Mtafiti amesafiri wiki mbili. Ameniachia ufunguo na gunia la pumba, posho hakuna. Nifanyeje? – Mtunza wanyama, Mbeya

Barua yako ndiyo iliyoniuma kuliko zote, kijana wangu. Jina lako halitaandikwa kwenye chapisho lake, na kazi yote iko mikononi mwako.

Leo hii mpigie umuulize mambo mawili: nani atalipa siku zako pamoja na Jumapili, na nani ana ruhusa ya kumaliza mateso ya mnyama akizidiwa. Akikwepa, iandikie kamati ya maadili iliyompa kibali, ni haki yako. Wakati huo wanyama wasingoje majibu. Maji mapya kila siku, na gusa ncha ya kila chupa uone kama inatoa. Mtazame kila mmoja, siyo kizimba tu: manyoya yaliyosimama, mgongo uliopinda, anayejitenga. Andika tarehe na saa. Panya wa jamii ndogo usimuinue kwa mkia, mwache aingie kwenye bomba la karatasi au viganja viwili. Vaa glavu na barakoa, mkojo wao huleta mzio unaoweza kukukaa maisha.

Na hilo gunia, lifungue ulinuse kabla hujawapa. Likinuka ukungu, kuna sumukuvu. Mwambie atume hela ya lingine.