Hadithi yako iingie kwenye mistari minne kwanza

Wengi mnaokuja inboksi mkitaka niwasomee hadithi zenu mna tatizo moja, lugha tamu, wahusika kibao, ila nikiuliza hii inahusu nini hasa mnaanza kunipa maelezo marefu kuliko hadithi yenyewe. Dawa ninayoitumia mimi nimeitoa kwa Frank O'Connor, mwandishi wa hadithi fupi wa Ireland.

Jina lake halisi ni Michael O'Donovan, kazaliwa Cork 1903. Baba mlevi kupindukia, mama (naye alilelewa kituo cha yatima) akawa anafanya usafi kwenye majumba ya watu ili wale, na hilo O'Connor aliloandikia vitabu ni jina la ukoo wa mama, sasa hapo we mwenyewe unajua alimpenda nani. Shule aliacha mapema sana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Ireland akawa upande uliokataa mkataba na Waingereza, wakamdaka, 1923 yuko kambi ya wafungwa Gormanston. Alipotoka akaja kuwa mkutubi, baadaye kafundisha mpaka vyuo vikuu vya Marekani, mtu ambaye chuo hakukanyaga!

Sasa huyu mzee alikuwa kabla ya kuandika anaiweka hadithi nzima kwenye mistari minne. Ikikataa kuingia, hujaichuja bado. Ikikubali ndo anaandika, tena anaandika fasta bila kujali uzuri wa sentensi, halafu anairudia na kuirudia, hata ikishachapishwa bado anaichokonoa.

Mfano mistari yangu hii hapa, iko kwenye simu: Mama mwenye nyumba anamdai mpangaji kodi. Mama hajui kusoma, mpangaji ndo humsomea meseji za mwanae aliyeko Muscat. Leo mwana kaandika hatatuma tena hela. Mpangaji anasoma kitu kingine. Basi. Sijui bado mpangaji anaitwa nani wala nyumba iko mtaa gani, na wala sihangaiki, ila nikikaa kuandika najua naelekea wapi.

Kitu cha pili nilichojifunza kwake, jambo zito lipitie kwenye kitu kidogo. Soma hadithi yake Guests of the Nation ya 1931. Waingereza wawili, Belcher na Hawkins, wametekwa na vijana wa Ireland wanaopigania uhuru, wamefichwa kwa bibi mmoja kijijini. Wanacheza karata, Hawkins anabishana dini usiku kucha, Belcher mkimya anamsaidia bibi kazi za nyumbani, yaani wameshakuwa washkaji kabisa. Inakuja amri wauawe kulipiza kisasi. Kule porini Hawkins anatangulia kupigwa risasi. Belcher anatoa kitambaa chake ajifunge macho mwenyewe, kinakuwa kidogo, anamuomba yule kijana anayesimulia amuazime chake! Kijana anampa, Belcher anaviunganisha vyote viwili. Halafu anawaonyesha kwamba Hawkins hajafa vizuri, wamuongeze risasi nyingine. Ningekuwa na mhariri wa haraka haraka hapo angetaka hotuba kuhusu ubaya wa vita, O'Connor kakupa kitambaa tu, na mi kila nikifika hapo lazima niweke kitabu chini.

Msidhani jamaa ni huzuni tupu lakini. Kwenye The Drunkard baba anaenda mazikoni na mtoto, wanapitia kilabuni, mtoto anainywa bia ya baba wakati mzee anapiga stori, analewa yeye! Inabidi baba amrudishe dogo nyumbani watu wanachungulia, na mama anaishia kumsifu mwanae kwa kumuokoa mzee na pombe siku hiyo. Mtu aliyekulia na baba mlevi ndo kaandika hivyo, bila kulia lia.

Anzeni na hiyo, ni fupi, unamaliza kwenye foleni ya benki. Na kuanzia sasa ukinitafuta inboksi nitumie mistari minne tu, hadithi nitaiomba mwenyewe.