Korido ndefu ndani ya sanduku fupi

Anayetaka kutengeneza sanamu ya kudanganya macho, yaani sanduku fupi linaloonekana korido ndefu, mara nyingi hukimbilia mbao. Anza na tundu la kuchungulia. Kama hujaamua jicho la mtazamaji litakaa wapi, vipimo vya ndani ni kazi bure. Msanifu majengo Borromini alilijua hilo miaka ya 1650 kule kwenye jumba la Palazzo Spada, Rome: ujia usiofika mita 9 unaonekana kuzidi 30, na sanamu ya mwisho unayodhani ina kimo cha mtu ni ya sentimita 60 tu. Ukiingia ndani, uongo wote unaonekana.

Tuchukue korido ndogo: mdomo wa mbele sentimita 30 kwa 30, wa nyuma 10 kwa 10, kina 60. Tundu la kuchungulia, milimita 8, liwe sentimita 30 kabla ya mdomo, katikati kabisa. Moja tu, macho mawili yakitazama pamoja hupima umbali yenyewe, ukaumbuka. Kwa vipimo hivi korido itaonekana ya mita 2.40.

Plaiwudi ya milimita 6 inatosha. Mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, watakukatia vizuri ukiwapelekea kiolezo cha kadibodi, siyo maneno matupu. Sakafu na dari: upana 30 mbele, 10 nyuma, urefu katikati 60.8, kwa sababu sakafu inapanda na dari inashuka. Kuta zinafunika kingo zao, kwa hiyo kimo chake ni 31.2 mbele na 11.2 nyuma. Ukisahau hizo milimita 6 za kila upande, kona zitaacha nyufa, na mwanga ukipenya hapo mchezo umekwisha.

Sasa vigae vya sakafuni. Hapa ndipo wengi huharibu, wakichora mistari kwa nafasi sawa. Jicho linahesabu na kujua korido ni fupi. Kutoka mdomoni, ukipima juu ya ubao wenyewe, weka alama kwenye 18.2, 30.4, 39.1, 45.6, 50.7, 54.7 na 58.1. Kigae cha mwisho hakifiki hata sentimita 3.

Rangi iwe ya maji, isiyong'aa, na ipakwe pande zote mbili za ubao. Kwa unyevu wa Dar, masika hasa, ukiacha upande mmoja mtupu ubao unapinda. MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, achana nayo, hufura kingo. Utepe wa taa za LED, Kariakoo zimejaa, ufiche nyuma ya fremu ya mdomo. Nafasi kati ya tundu na mdomo iwe nyeusi tii.

Mwisho, weka vinyago viwili vya sentimita 6 vinavyofanana, kutoka kwa wachongaji wa Mwenge, kimoja mdomoni na kingine mwisho wa korido. Cha mbele kinafika moja ya tano ya ukuta. Cha nyuma kinazidi nusu, kinaonekana cha sentimita 18. Vyote vitamwinamia mtazamaji, kwa kuwa sakafu inapanda: nyoa kitako upande wa nyuma, kama nyuzi 9.5, mpaka visimame wima.