Jibu: Mzee ana jiwe kwenye mrija wa mkojo, tuende India kwa leza?

Salaam mkuu. Unauliza kama umtoe mzee Tanga hadi India kwa leza ya kuvunja jiwe, jiwe la milimita 9 limekwama kati ya figo na kibofu.

Kwanza: ana homa au anatetemeka? Kama ndiyo, achana na tiketi, mkimbize hospitali ya Bombo, hapo Tanga, leo hii. Figo iliyoziba ikiingia wadudu inaua. Inazibuliwa kwanza, leza baadaye.

Kama hana, pigeni CT skani, ultrasaundi huwa haioni vizuri jiwe la katikati ya mrija. Peleka CD yenyewe ya picha kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, hospitali ya KCMC (Moshi) au Muhimbili (Dar), kabla ya kuhangaikia viza. Shemeji yangu alipokwenda India, dalali alimharakisha kweli, ila daktari wa kule alitaka picha, siyo karatasi ya majibu.

Halafu hili wengi hawaulizi: baada ya leza mara nyingi huachwa kamrija laini ndani, toka figo hadi kibofu. Nani atakatoa, na lini? Kakisahaulika miezi kanaota mawe. Shemeji alikuwa akipanda bodaboda tu, mkojo unakuja mwekundu na kiuno kinamuuma, mpaka kalipotolewa. Bei omba kwa maandishi, na gharama ya kukatoa iwemo.