Platini sifuri: jibu langu kwa binti wa Wete

Juzi usiku nimeletewa ujumbe na binti wa Wete anayesoma shahada ya uzamili ng'ambo. "Shikamoo dada. Msimamizi kanipa platini sifuri na fosfini. Nikisoma naelewa, nikifunga kompyuta sina kitu. Wewe ulianzia wapi? Na nichague fosfini gani?" Nimemjibu kwa kifupi. Jibu refu naliweka hapa, maana najua mko wengi mnaotaka kufika huko na hamna wa kumuuliza.

Marahaba, mdogo wangu. Nilianzia kwenye kuhesabu. Platini ni elementi ya 78, na ikiwa katika hali ya sifuri, yaani haijatoa elektroni yoyote, ina elektroni 10 kwenye obitali zake za d, vyumba vya elektroni vinavyofanya kazi. Kila fosfini, molekuli yenye fosforasi iliyobeba vikundi vitatu vya kaboni, inakuja na mbili. Zikikaa fosfini nne unapata 18, platini imeshiba na haina haja na mtu. Zikibaki tatu ni 16, zikibaki mbili ni 14, na hapo ndipo inapokuwa na njaa ya kweli. Makala zote ulizorundika mezani zinarudi kwenye hesabu hii.

Sasa chukua ile kampaundi maarufu yenye trifenilifosfini nne. Ikiwa kavu, fosfini zote nne zimetulia. Ukiiyeyusha tu, moja inajitoa. Ni kama baraza ya kwetu iliyojaa watu wanene: mgeni hakai mpaka mmoja ainuke. Kwa hiyo kabla hujauliza platini inafanya nini na iodidi ya methili, uliza nani ameondoka kumpisha. Wanafunzi wengi wanamkazia macho anayeingia. Mtazame anayetoka.

Akishaingia, ndipo raha ya kemia hii. Platini inakata kiungo cha kaboni na iodini na kuvishika vipande vyote viwili. Imetoa elektroni mbili, imekuwa ile tunayoiita platini mbili, na umbo limelala bapa kama mraba. Ethilini, gesi yenye kaboni mbili, haikatwi, lakini nayo haitoki salama: inaipa platini elektroni zake, na platini, ambayo imejaa, inamrudishia nyingine kwa mlango wa nyuma. Mwanakemia Dewar alilieleza wazo hili mwaka 1951, wenzake wa fani, Chatt na Duncanson, wakalikamilisha 1953. Ushahidi wake unapimika. Kiungo cha kaboni kwa kaboni katika ethilini huru ni angstromu 1.34, ikishikwa na platini yenye trifenilifosfini mbili kinarefuka mpaka kama 1.43. Fosfini nayo inatoa na kupokea, ila mkono wake wa kupokea ni mfupi zaidi.

Nilipoitengeneza mwenyewe ile kampaundi ya fosfini nne mara ya kwanza nilikuwa peke yangu maabara, wenzangu wameshakwenda kula. Ethanoli ya moto yenye trifenilifosfini na potasi kali, naitrojeni inapita, halafu unadondosha taratibu chumvi nyekundu ya platini iliyoyeyushwa kwenye maji. Wekundu unazama na kupotea. Kisha zinaanza kushuka fuwele za njano, ndogo, zinang'aa. Ethanoli ndiyo iliyoifikisha platini kwenye sifuri, na yenyewe ikageuka asetaldehidi. Malatesta na wenzake kule Milan walishazitoa kampaundi hizi miaka ya 1950, kwa hiyo sikugundua kitu. Lakini niliita kwa sauti, "Mama, njoo uone!", na mama yuko Chake Chake.

Miezi ya katikati sitaisimulia. Ni kuosha vyombo.

Nilirudi Unguja na shahada yangu nikaitwa kwenye usaili, mahali nisipopataja. Mmoja wa wazee pale akaifungua tasnifu, akaifunga, akaniuliza: "Bibi, hii platini yako itatia nini kwenye sufuria ya Mzanzibari?" Wenzake wakacheka. Mwengine akajaribu kuniokoa: "Si ndiyo ile dawa ya saratani?" Nikasema hapana, ile ya saratani ni platini mbili, haina fosfini. Nikaona uso wake ukinywea. Kazi sikupata. Na shangazi yangu mpaka leo ananiuliza kama nimemletea bangili.

Sikuwajibu siku ile, basi nawajibu leo. Mwaka 1993 kikundi cha Wajapani, Suzuki na Miyaura wakiwamo, kilionyesha kwamba kampaundi hii hii ya trifenilifosfini nne inaweza kupachika boroni mbili kwenye asetilini kwa mpigo mmoja, ikiwa kichocheo. Boroni za namna hiyo ni malighafi ya kuunganishia kaboni na kaboni kwa njia iliyompa Suzuki Nobeli mwaka 2010, njia inayotumika sana kutengenezea dawa. Mfanyakazi mkuu wa njia hiyo ni paladi, ndugu wa platini, lakini paladi ana haraka, hatua zake zinapita kabla hujapepesa macho. Platini anakwenda polepole, kwa hiyo unamkamata njiani na kuona alichoshika. Ndiyo faida yake, wazee wangu. Sufuria za Wazanzibari zina dawa pembeni yake.

Na nyinyi wadogo zangu, musikubali mtu aliyefunga kitabu baada ya ukurasa mmoja akupimieni thamani ya miaka yenu. Hesabuni elektroni zenu vizuri, mujue kazi yenu mpaka muweze kumweleza dereva wa gari ya shamba. Mimi nilikuwa na majibu yote siku ile nikanyamaza kwa adabu. Adabu ni nzuri, lakini jibu pia ni haki yako.

Turudi maabara. Rafiki yako mkubwa ni mashine ya NMR ya fosforasi, inayoonyesha fosforasi kama mistari kwa kutumia sumaku. Karibu thuluthi moja ya platini ya asili ni isotopu ya 195, yaani atomu zenye uzito huo, ambayo inaugawa mstari wa fosforasi. Unaona mstari mrefu katikati na vidogo viwili ubavuni, takriban moja kwa nne kwa moja. Usipoviona, fosfini hiyo haikushikwa na platini, au inapanda na kushuka haraka mno. Ipoze sampuli uone. Kwa kupoza tumia toluini, maana benzini inaganda kwenye nyuzi 5.5. Klorofomu iache kabisa, platini sifuri inaitafuna. Ukiona mstari kati ya 25 na 30 kwenye mizani ya mashine usiokuwa na wenziwe ubavuni, shuku kwamba hewa imeingia na fosfini imeshika oksijeni. Umbali wa vile vidogo nao unasema: kwenye platini mbili yenye kloridi mbili na trifenilifosfini mbili, fosfini zikiwa upande mmoja ni kama hezi 3,700, zikikabiliana ni kama 2,600, kwa sababu fosfini mbili zinazotazamana zinadhoofishana.

Kuhusu fosfini ya kuchagua, mwanakemia Tolman alizipima kwa pembe ya koni, yaani upana wa nafasi inayochukua kila moja: trifenilifosfini nyuzi 145, ya sikloheksili 170, ya tati-butili 182. Ukitaka platini yenye fosfini mbili tu uitie kwenye chupa, nenda na kubwa, kwa sharti maabara yenu iwe na sanduku la glavu, lile lisiloingiza hewa, linalofanya kazi kweli, kwa sababu ile ya tati-butili ikikutana na hewa inawaka. Kama halipo, anza na trifenilifosfini. Yenyewe ni unga mweupe unaokaa mezani bila matatizo. Na nitumie spektra yako ya kwanza, hata ikiwa mbaya.